Saa ya kuzamia yenye vipimo vya zamani: Tudor, Seiko au Baltic kwa mkono mwembamba?

Shemeji yangu anatimiza miaka arobaini Desemba hii, na ameapa kwamba safari hii hanunui ng'ombe wala halipii ploti. Ananunua saa. Moja tu, ya maana, ya kumwachia mtoto. Juzi usiku akanitumia picha tatu kwenye WhatsApp na swali la maneno mawili: "Shem, ipi?" Zote zilikuwa saa za kuzamia baharini, zote nyeusi, zote na ile pete ya kuzungusha juu, na kwenye simu zilifanana kama shilingi kwa ya pili. Nikamjibu asubiri Jumamosi tuonane mjini, na aje na rula.

Alidhani ninamtania.

Saa anazozitaka zimetengenezwa leo, kwa chuma cha leo na mashine za leo, ila vipimo vyake vimerudi miaka ya hamsini na sitini. Submariner ya kwanza ya Rolex, ya mwaka 1953, ilikuwa na kipenyo cha milimita 37 hivi. Tudor, mdogo wake Rolex, akafuata mwaka 1954. Mwaka 1965 Seiko ikatoa saa ya kwanza ya kuzamia kutoka Japani, ile ambayo wapenzi wa saa huiita 62MAS, nayo ikawa na milimita 37 hivi. Kisha, hasa baada ya mwaka 2000, saa zikaanza kunenepa: 42, 44, hata 47, mtu akivaa unadhani amefunga kifuniko cha sufuria mkononi. Sasa zinapungua tena. Lakini isidhaniwe kwamba zamani kila saa ilikuwa ndogo. Fifty Fathoms ya Blancpain, iliyotoka mwaka huohuo wa 1953 na kuvaliwa na wapiga mbizi wa jeshi la Ufaransa, ilikuwa na milimita 42 hivi. Kwa hiyo muuzaji akikwambia 42 ndiyo saizi ya kisasa, muulize ni ya kisasa tangu lini.

Sasa rula. Kila duka litakutajia kipenyo, na kipenyo ndicho kipimo kinachopotosha watu wengi zaidi. Kinachoamua kama saa itakukaa au itakuning'inia ni urefu kutoka ncha ya masikio ya juu hadi ncha ya masikio ya chini. Masikio ni zile pembe nne zinazoshika mkanda. Yakipita upana wa mkono wako, mkanda unaanguka wima pande zote mbili kama pazia, na saa inazunguka siku nzima. Tuliketi kwenye kahawa moja karibu na Kimathi Street nikampima: mzingo wa mkono wake ni sentimita 16 na nusu, na pale juu palipo bapa pana milimita 52. Nikakata kipande cha boksi cha milimita 47, nikamwekea juu ya mkono. Kikakaa, kikaacha nafasi kidogo kila upande. "Hiki tembea nacho kwenye pochi," nikamwambia. "Duka lolote utakaloingia, anza na hiki kabla ya kuangalia bei."

Kipimo cha pili ni unene. Julai Nairobi tunavaa shati, sweta na koti. Saa nene haipiti kwenye mkono wa shati, inabaki nje kama inasubiri kupigwa picha, na inagonga kila kitu. Saa yangu ya zamani ina mkwaruzo mrefu kwenye pete, zawadi ya mlango wa matatu. Milimita moja ya unene utaihisi kila siku, ilhali milimita moja ya kipenyo utaisahau ndani ya wiki.

Hivi ndivyo vipimo vya saa alizonitumia, pamoja na mbili nilizoongeza mwenyewe. Vyote ni milimita, isipokuwa kina na akiba ya nguvu, yaani muda ambao saa huendelea kutembea ukishaivua.

| Saa | Kipenyo | Unene | Ncha hadi ncha | Kina | Akiba ya nguvu |
|---|---|---|---|---|---|
| Tudor Black Bay 54 | 37 | 11.2 | 46 | mita 200 | saa 70 |
| Tudor Black Bay 58 | 39 | 11.9 | 47.5 hivi | mita 200 | saa 70 |
| Seiko Prospex SPB143 | 40.5 | 13.2 | 47.6 | mita 200 | saa 70 |
| Baltic Aquascaphe | 39 | 12 | 47 | mita 200 | saa 42 |
| Orient Kamasu | 41.8 | 12.8 | 46.8 | mita 200 | saa 40 |

Tazama safu ya ncha hadi ncha. Kamasu yenye kipenyo cha karibu 42 ni fupi mkononi kuliko Black Bay 58 yenye 39. Shemeji alipoliona hilo akanyamaza, kisha akaomba rula tena.

Tuanze na Tudor, kwa sababu ndiko moyo wake ulikokuwa.

Black Bay 58 ilitoka mwaka 2018, na jina lake linarejea 1958, mwaka wa Tudor ya kwanza iliyoandikwa mita 200. Ni saa iliyowafanya watengenezaji wengi waone kwamba watu wamechoka na masufuria. Maandishi yake ni ya rangi ya dhahabu, uso ni mweusi, haina tarehe. Mashine yake, MT5402, imepewa cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, maana yake kabla ya kufungwa ndani ya saa ilipimwa na ikabaki kati ya kupoteza sekunde 4 na kuongeza 6 kwa siku. Akrabu ya saa, ule mshale mfupi, ina kile kimraba kama chembe ya theluji, ambacho Tudor walikianza mwaka 1969. Kwa hiyo saa ya kukumbuka 1958 inabeba akrabu ambayo 1958 haikuwepo. Mimi halinisumbui, lakini usije ukamwambia mtu kwamba umevaa nakala kamili ya babu yake.

Black Bay 54 ni ya mwaka 2023, na kwangu mimi ndiyo bora kati ya hizi mbili. Milimita 37, ileile ya enzi hizo. Pete yake haina vile vistari vya dakika moja moja kwenye robo saa ya kwanza, kama ilivyokuwa saa ya 1954, na hivyo uso unapumua. Kubwa zaidi ni kufuli la mkanda: unaweza kulirefusha au kulifupisha kwa vidole, bila kifaa, kwa jumla ya milimita 8. Mtu asiyewahi kuvaa saa ya cheni mchana wa Februari hawezi kujua maana yake. Mkono unavimba kwa joto, cheni inabana, unasogeza kidogo, unaendelea na kazi. Jioni baridi ikirudi unarudisha. Black Bay 58 ya mwaka 2018 ilitoka bila kufuli hilo.

Ubaya wa 54? Mtu mwenye mkono mpana akiivaa, inafanana na saa aliyoazima kwa mkewe. Na bei. Tudor hizi zinaanzia nusu milioni ya Kenya hivi na kupanda, na hapo hujalipa kodi ya kuingiza ukiagiza mwenyewe. Uzuri mmoja wa kinyumenyume ni kwamba mtu wa kawaida kwenye matatu hajui Tudor ni nini. Anajua Rolex, kwa sababu Rolex bandia zinauzwa barabarani pamoja na soksi. Saa ndogo isiyometameta inapita mjini bila kusalimiwa.

Sasa Seiko. SPB143 ilitoka mwaka 2020 kama mjukuu wa ile 62MAS. Haijifanyi mzee. Mabega ni mapana, chuma kimepakwa kinga dhidi ya mikwaruzo, kioo ni cha yakuti kisichochubuka kwa funguo mfukoni, na rangi yake ya kung'aa gizani haina mpinzani kwenye orodha hii. Stima ikipotea usiku unaweza kuitafuta tochi kwa mwanga wa saa, na ukiamka alfajiri bado unasoma dakika.

Inapoachwa ni kwenye mashine. 6R35 ina akiba nzuri ya saa 70: unaivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inatembea. Ila kiwanda chenyewe kinakuahidi kati ya kupoteza sekunde 15 na kuongeza 25 kwa siku. Nyingi hufanya vizuri kuliko hapo, lakini ahadi ndiyo hiyo, na ukiiweka kando ya cheti cha Tudor tofauti inaonekana. Na ule unene wa 13.2 upo. Mwaka 2024 Seiko walileta warithi, SPB453 na ndugu zake: milimita 40, unene 13, kina mita 300, akiba saa 72, na tarehe imehamishwa hadi kati ya 4 na 5. Ile tarehe ya kona sikuipenda, ila masikio yamepungua hadi 46.4, na hilo kwa mkono wa shemeji ni jambo. Bei ya jamaa hizi iko kwenye laki moja na nusu hivi kwenda juu, yaani unanunua tatu kwa bei ya Tudor moja.

Baltic ni kampuni changa ya Ufaransa, ilianza mwaka 2017, inauza zaidi mtandaoni. Aquascaphe yake ndiyo inayofanana zaidi na saa ya zamani kwa macho: kioo kilichoinuka kama kiputo, pete iliyofunikwa yakuti nayo, akrabu nyembamba. Ndani kuna Miyota 9039, mashine ya Kijapani kutoka kwa jamaa wa Citizen, inayopiga mara 28,800 kwa saa hivyo akrabu ya sekunde inateleza badala ya kudundadunda. Bei yake ni chini ya Seiko. Lakini huwezi kuijaribu Nairobi kabla ya kuinunua. Unaagiza, unangoja, kisha forodha inakupigia hesabu ya ushuru, VAT ya asilimia 16 na tozo nyingine juu ya thamani ya saa pamoja na usafirishaji. Ukiona bei ya mtandaoni, usiifurahie kabla ya hesabu hiyo.

Nyingine nitazipitia haraka. Longines Legend Diver ya milimita 39 ni saa nzuri sana, mita 300, pete yake imefichwa ndani ya kioo na inazungushwa kwa kifundo cha pili pembeni, pacha wa kile cha kurekebishia saa. Ukiwa mtu wa kukwaruza pete kama mimi, hiyo ndiyo dawa. Oris Divers Sixty-Five ni nyepesi, kina mita 100. Kamasu ni ya mtu anayetaka kioo cha yakuti na mashine halisi kwa bei ya simu ya kawaida. Na kama hutaki habari ya mashine kabisa, Casio Duro ya betri, mita 200, ni kama elfu kumi. Ni kubwa, milimita 44, lakini hata ikianguka kwenye kisima hutalia.

Shemeji akauliza swali ambalo kila mtu huuliza. "Ya mita 300 si ni bora kuliko ya 200?"

Mpiga mbizi wa starehe, kule Kisite au Diani, hashuki zaidi ya mita 40. Tena siku hizi amebeba kompyuta ya kuzamia mkononi, saa ni ya akiba. Kwa hiyo kati ya 100, 200 na 300 hakuna tofauti utakayoigusa. Unachotaka kujua ni kama saa imepimwa kwa kanuni ya ISO 6425, inayotaka kila saa ijaribiwe kwa shinikizo lililozidi kile kilichoandikwa kwa asilimia 25, isomeke gizani, na pete isirudi nyuma kwa bahati mbaya. Pete ndiyo inayokuhesabia dakika ulizokaa chini ya maji; ikizunguka upande mmoja tu, kosa lolote litakuonyesha umekaa chini kwa muda mrefu kuliko ukweli, nawe utapanda mapema, salama. Izungushe dukani usikie: Tudor inalia mara 60 kwa mzunguko, Seiko mara 120. Ikilegea kama kifuniko cha chupa ya maji, irudishe.

Kinachoua saa ni raba. Ndani ya kifuniko cha nyuma na kwenye kifundo kuna vipete vya raba, na vinakauka kwa miaka. Niliwahi kubadilishiwa betri ya saa ya mita 200 na fundi mmoja mjini. Alifungua, akaweka, akafunga, dakika tano. Raba ya zamani ilikuwa imejikunja pembeni. Desemba nikaingia nayo kwenye bwawa la kuogelea la watoto, kina kilichonifika kiunoni, na nilipotoka kioo kilikuwa kimefunga ukungu kama dirisha la basi la usiku. Tangu hapo, saa yangu ikifunguliwa, nauliza maswali mawili: raba mpya iko wapi, na mashine ya kupimia shinikizo iko wapi. Fundi asiye na mashine hiyo simlaumu, ila saa aliyoifungua siipeleki majini. Na ukitoka baharini, suuza kwa maji baridi ya mfereji. Chumvi ikikauka chini ya pete utaisikia kama mchanga.

Hapo ndipo Tudor inaporudi nyuma kidogo. Mafundi wetu wa mjini wamekulia kwenye Seiko na Citizen. Wanazijua mashine hizo kama jikoni kwao, na Miyota ikichoka kabisa unaweza kuing'oa nzima na kuweka nyingine bila kuuza mbuzi. Tudor inahitaji njia rasmi na vipuri vya kwao. Haitakusumbua kila mwaka, lakini siku ikihitaji huduma, utalipa kwa bei ya Uswisi na utangoja kwa saa ya Uswisi.

Kuhusu pete, nilimwonyesha kitu ambacho hakuna mwongozo wa kiwanda unaokiandika. Saa zote hizi zimeandikwa kwa hesabu ya kizungu: akrabu ikielekea 7, sisi tunasema saa moja. Zungusha pete hadi pembetatu ikae juu ya 6. Sasa saa moja inasimama mbele ya dakika 5 za pete, saa mbili mbele ya 10, saa tatu mbele ya 15. Gawanya kwa tano na umepata saa ya Kiswahili. Alicheka hadi watu wa meza ya pili wakageuka, kisha akairudisha pete mahali pake na kuitumia kupima zile "dakika ishirini" za nyama aliyoagiza. Zilikuwa hamsini na mbili.

Uamuzi wangu, kama ungenilazimisha: mkono mwembamba na pesa si tatizo, Black Bay 54, bila kurudi nyuma. Mkono wa wastani na unataka saa moja ya kazi, sherehe na pwani, Seiko, ile ya mwaka 2020 ukiipata safi, au mrithi wake. Baltic ni ya mtu ambaye tayari ana saa nyingine na anaipenda sura ya zamani kwa dhati. Black Bay 58 ni saa nzuri iliyobahatika kupata mdogo wake aliye mzuri zaidi.

Tulizunguka maduka mawili. Kwenye la pili, ndani ya jumba moja la Westlands, akavaa Black Bay 54 na kipande chake cha boksi kikiwa kwenye meza. Ilimkaa kama imezaliwa pale. Mimi nilishaona imekwisha. Akaitazama muda mrefu, akaigeuza, akaniuliza, "Tarehe iko wapi?"

"Haina. Ndiyo uzuri wake."

"Shem," akasema, "mimi nafanya kazi stoo Industrial Area. Natia sahihi delivari hamsini kwa siku, na kila moja inataka tarehe."

Akaomba waifungue ile kabati ya Seiko.